Mto Mmoja, Sheria Mbili

Kuna neno moja linalosemwa sana siku hizi, kanisani, msikitini, bungeni na hata ndani ya matatu, nalo ni kwamba Mwafrika ana msimamo mmoja tu juu ya watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja. Neno hilo husemwa kwa uhakika kama mtu asemaye kuwa jua huchomoza mashariki, na aghalabu hapana aulizaye swali. Sisi leo twataka kuuliza. Ikiwa Waafrika wote wana fikira moja juu ya jambo hili, mbona majirani wawili wanaogawana mto, soko, lugha na hata wajomba wana sheria zinazopingana kabisa?

Mathalani tuuchukue mto Ruvuma. Ng'ambo ya kaskazini ni Tanzania, ng'ambo ya kusini ni Msumbiji, na huku na huko wanakaa Wamakonde, wale wale ambao wachongaji wao wa mpingo wanajulikana duniani kote, na ambao baadhi yao walio kwetu Pwani walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya mnamo 2017. Lugha yao ni moja na asili yao ni moja. Mwezi Mei 2010 marais wa nchi hizo mbili walifungua daraja juu ya mto huo, lenye urefu wa mita 720, wakaliita Daraja la Umoja. Lakini mwanamume akipatikana na hatia ya kulala na mwanamume mwenzake upande wa kaskazini wa daraja hilo, sheria ya Tanzania yasema afungwe maisha, na kwa vyovyote vile kifungo kisipungue miaka 30. Akiwa upande wa kusini, tangu katikati ya mwaka 2015, hana kosa la kushtakiwa. Kutoka kifungo cha maisha hadi kutokuwa na kosa ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Wala si sheria tu. Katika miaka ya 2014 na 2015 wachunguzi wa Afrobarometer waliwauliza watu wa nchi 33 za Afrika kama wangechukia kuwa na jirani wa namna hiyo. Kwa jumla ni watu 21 tu katika kila 100 waliosema hawangejali au wangependezwa. Hesabu hiyo yaonekana kuwathibitisha wale wasemao Mwafrika ana neno moja. Lakini tuifungue kidogo. Cape Verde walikuwa 74 katika kila 100, Afrika Kusini 67, Msumbiji 56, Namibia 55, Botswana 43. Uganda walikuwa watano. Hawa wote ni Waafrika, na hapana hata mmoja kati yao awezaye kumwambia mwenzake kuwa si Mwafrika halisi.

Basi tofauti hii imetoka wapi?

VITABU VITATU

Jibu la kwanza liko katika vitabu, na vitabu vyenyewe havikuandikwa hapa.

Waingereza walipokuwa wakiitawala Bara Hindi, bwana mmoja kwa jina Thomas Macaulay na wenzake walitunga kitabu cha makosa ya jinai ambacho kilipitishwa mwaka 1860. Katika kifungu chake cha 377 waliandika kuwa ni kosa kuingiliana kimwili kinyume cha maumbile. Maneno hayo yalisafiri. Mnamo 1897 sheria hiyo ya Bara Hindi ilianza kutumiwa hapa kwetu, wakati nchi hii ingali ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa vitabu vipya vya jinai vilivyofuata mfano mmoja uliotengenezwa na Ofisi ya Makoloni ya London. Ndani yake maneno ni yale yale, kinyume cha maumbile. Hapana mzee wa Kikamba, wala wa Kigiriama, wala wa Kihaya aliyeulizwa. Hapana baraza lililoitishwa. Karani alipiga chapa, gavana akatia sahihi.

Kifungu cha 162 cha sheria yetu ya makosa ya jinai, chenye adhabu ya miaka 14, ni kitukuu cha kifungu hicho. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kuwa Waingereza wenyewe waliiondoa sheria kama hiyo Uingereza na Wales mwaka 1967, yaani miaka minne tu baada ya sisi kuteremsha bendera yao. Bara Hindi, ambako ndiko kitabu kilikoanzia, Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo iliamua mwaka 2018 kuwa kifungu cha 377 hakiwezi tena kutumiwa dhidi ya watu wazima waliokubaliana. Kwa hivyo aliyetuachia urithi ameutupa, na aliyetumiwa kuujaribia ameutupa, na sisi tulioupokea mwisho ndio tunaoushika kwa mikono miwili na kuuita mila yetu.

Kitabu cha pili kilitoka Ufaransa. Mwaka 1791, katika mapinduzi yao, Wafaransa waliandika sheria ya jinai ambayo haikulitaja jambo hili kabisa, na Napoleon alipoandika yake mwaka 1810 naye alinyamaza. Wabelgiji walikifuata kitabu hicho, wakaja nacho Kongo na baadaye Rwanda na Burundi. Asidhani mtu kuwa walifanya hivyo kwa wema. Utawala wa Mfalme Leopold uliwakata watu mikono kwa ajili ya mpira. Haukuwa utawala wa huruma. Ni kwamba tu kitabu walichokuja nacho hakikuwa na ukurasa huo, na mpaka leo Kongo ya Kinshasa haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa ni kosa.

Kitabu cha tatu ni cha Wareno. Sheria yao ya mwaka 1886, iliyorekebishwa mwaka 1954, iliwaruhusu mahakimu kuwapeleka watu waliozoea matendo yasiyo ya maumbile katika nyumba za kazi ngumu au kuwafungia katika hospitali za wenye wazimu. Hiyo ndiyo Msumbiji iliyoirithi ilipopata uhuru mwaka 1975. Lakini sheria hii, tofauti na ya Waingereza, haikuwahi kugeuzwa kuwa bendera. Bunge la Msumbiji lilipoketi mwaka 2014 kuandika kitabu kipya cha jinai, zogo kubwa lililowatoa watu barabarani Maputo lilihusu kifungu kingine, kilichotaka kumsamehe mbakaji endapo atamwoa aliyembaka. Wanawake walipiga kelele, na haki ilikuwa yao. Kifungu cha matendo yasiyo ya maumbile kiliachwa nje bila ngoma wala tarumbeta.

Hapo nyuma, Januari 2014, Rais wa zamani Joaquim Chissano alikuwa amewaandikia viongozi wenzake wa Afrika barua ya wazi akiwasihi waache sheria zinazowabagua watu, pamoja na wale wanaobaguliwa kwa sababu ya mapenzi yao. Wasomaji wetu watamkumbuka Chissano kwa jambo lingine: yeye ndiye aliyewahutubia marais wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili jijini Addis Ababa mwaka 2004, wakaduwaa wakitafuta wakalimani. Kiswahili hicho kilimwingia alipokuwa mpigania uhuru Dar es Salaam. Mtu huyo huyo aliyetetea lugha ya Kiafrika mbele ya wakubwa ndiye aliyeandika barua ile. Ni vigumu kumwambia kuwa ametumwa na Wazungu.

MILA ILIYOSAHAULIWA

Wengine watajibu kuwa kitabu kiwe cha nani, mila ndiyo iliyokatalia mbali. Hapa yafaa twende polepole, kwa kuwa mila si kitu cha kutajwa kwa jumla.

Wakuria wako Kenya na wako Tarime. Miongoni mwao, kama ilivyo kwa Wanandi, Wakisii na Wakamba, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto wazaliwao wakawa wa boma lake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya Kinandi ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Sharti tuseme wazi: ndoa hii ni ya boma, ng'ombe na jina, wala wenyewe hawaihesabu kuwa ya mapenzi ya mwili. Hatuileti hapa kuthibitisha lisilokuwapo. Twaileta kwa sababu msemaji asimamaye jukwaani na kutangaza kuwa Afrika haijapata kujua ndoa isipokuwa ya mume na mke amezikata kabila nne za Kenya kwa sentensi moja.

Na Pwani je? Neno hanithi lilivuka bahari likitokea Oman, ambako mtaalamu wa Norway, Unni Wikan, aliandika mwaka 1977 juu ya wanaume wa mji wa Sohar walioishi kwa namna ya kike na kujulikana hivyo na jirani zao. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1987, mtaalamu mwingine, Gill Shepherd, alichapisha uchunguzi wake juu ya Mombasa, akaonyesha kwamba watu wa jinsia moja waliopendana walijulikana mitaani, walikuwa na nafasi zao arusini na ngomani, na kwamba cheo na mali ya mtu vilitazamwa kwanza. Hawakusifiwa. Walitaniwa, walisengenywa, na sheikh aliwakemea kama alivyomkemea mlevi. Lakini mtaa haukuandamana kuwatoa. Hata neno shoga, ambalo leo limekuwa tusi, mama wa Kimvita angali akilitumia kumwita rafiki yake wa kike waliyekua pamoja, na hamna aibu ndani yake.

Tofauti kati ya kusengenywa na kufungwa maisha ni kubwa sana, nayo ni tofauti iliyoletwa.

PACHA WAWILI

Hata hivyo, tukisema kitabu cha Mkoloni ndicho kila kitu tutakuwa tumeifanya kazi rahisi mno. Mfano unaotuzuia ni Rwanda na Burundi. Nchi mbili hizi zilitawaliwa pamoja na Mbelgiji yule yule, zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, lugha zao zinasikilizana, na zote hazikuwa na kifungu cha kuwaadhibu watu hawa. Mwaka 2009 kila moja ilikuwa ikiandika upya sheria zake za jinai, na kila moja ilijaribiwa.

Burundi iliingia. Bunge lilipitisha kifungu hicho, lakini Baraza la Seneti likakikataa Februari 2009 kwa kura nyingi. Ndipo chama tawala kikaitisha maandamano Bujumbura tarehe 6 Machi, maelfu ya watu wakajaa barabarani kuwalaani maseneta wao wenyewe. Bunge likairudisha sheria kama ilivyokuwa, na mwezi Aprili Rais Pierre Nkurunziza, mlokole aliyejulikana kwa sala na kandanda, akatia sahihi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Burundi likawa kosa, lenye kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Ajabu ni kuwa kitabu hicho hicho kilifuta adhabu ya kifo na kikaandika kuwa mateso na mauaji ya kimbari ni makosa makubwa. Kurasa chache zilimfungulia mtu mlango, na ukurasa mwingine ukamfungia. Uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata.

Rwanda ilisimama mlangoni ikarudi nyuma. Kulikuwa na rasimu iliyotaka kifungo cha miaka 5 hadi 10. Desemba 2009 Waziri wa Sheria, Tharcisse Karugarama, akasema kuwa hilo ni jambo la siri ya mtu na serikali haina nia ya kuliingilia, na kitabu kilipotoka mwaka 2012 kifungu hakikuwamo. Kwa nini? Mwaka 2010, katika Umoja wa Mataifa, nchi zilikuwa zikibishana kama azimio la kulaani mauaji yasiyo ya haki liwataje watu wanaouawa kwa sababu ya mapenzi yao. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimekataa. Mjumbe wa Rwanda akasimama, akaeleza kwamba nchi yake yajua ni nini kundi la watu kuuawa kwa vile walivyo, na kwamba kuwataja wanaouawa si sawa na kukubaliana na maisha yao. Rwanda ikapiga kura wawekwe.

Asifikiri msomaji kuwa Rwanda ni peponi. Katiba yake yasema ndoa ni ya mume na mke tu, makanisa yake ni makali, na vijana wengi wa namna hiyo huko Kigali wajificha kwa wazazi wao kama wanavyojificha wenzao wa Nakuru. Lakini polisi hana karatasi ya kumkamatia mtu. Pacha mmoja alitazama maiti zake akaogopa kuandika tena orodha ya watu wa kuwindwa, na mwenziwe akatazama masanduku ya kura.

KENYA NA UGANDA

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Kenya na Uganda zilipewa kitabu kile kile mwaka ule ule. Pale Busia na Malaba, Wasamia na Wateso wavuka kwenda matangani na kurudi jioni. Hata hivyo Uganda imekwenda mbali sana nasi.

Sababu moja ni Namugongo. Kila tarehe 3 Juni mamia ya maelfu ya mahujaji, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya, hukusanyika mahali walipochomwa moto vijana Wakristo kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964. Wanahistoria wataeleza kuwa palikuwa na ugomvi wa madaraka, hofu ya Wazungu na vijana wa ikulu waliomtii mmishenari kuliko mfalme. Lakini hadithi inayofunzwa watoto katika mafundisho ya dini ni kuwa vijana walikataa tamaa za mfalme za kulala na wanaume. Hivyo Mganda hulipokea jambo hili likiwa limeunganishwa na damu ya mashahidi tangu utotoni. Sisi Kenya hatuna hadithi kama hiyo. (Na wale wasemao kuwa Uganda haikujua mambo haya kabla ya Wazungu wangefaa kumkumbuka Mwanga.)

Juu ya msingi huo wakaja wageni. Machi 2009 wahubiri wa Marekani, miongoni mwao Scott Lively, walifanya mkutano Kampala kuwaonya watu juu ya hatari waliyoiona wao. Oktoba mwaka huo mbunge David Bahati akaleta mswada uliokuwa na adhabu ya kifo ndani yake. Januari 2011 mwalimu David Kato, aliyekuwa akiwatetea watu hawa na ambaye picha yake ilikuwa imetolewa gazetini pamoja na wito wa kunyongwa, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake. Rais Museveni alitia sahihi sheria Februari 2014. Agosti mahakama ikaifuta kwa kuwa wabunge hawakutimiza akidi siku ya kupiga kura. Mei 2023 akatia sahihi nyingine, yenye kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa iliyoyaita mazito, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaiacha sehemu kubwa yake isimame.

Haki yatulazimu kusema kuwa wageni walitoka pande zote mbili. Mwaka 2011 Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, alitishia kupunguza misaada kwa nchi zenye sheria hizi, na vyama vingi vya Waafrika wanaotetea haki hizo vilimwandikia kumwomba aache, kwa sababu vilijua nani atakayelipishwa. Mwanasiasa akitishwa na Mzungu hupata nafasi ya kuwa shujaa bure, wala hahitaji kujenga barabara.

Kenya nayo haikukosa watu wa kelele. Tofauti ni kuwa, tangu Katiba ya 2010, kelele zetu huishia mahakamani, na mahakamani hata mnyonge hupewa zamu. Msomaji wa ukurasa huu wa utamaduni atalielewa hili kwa mifano ya sanaa. Mwaka 2012 mtayarishaji wa michezo Mwingereza, David Cecil, alishtakiwa Kampala kwa kuonyesha tamthilia juu ya mfanyabiashara anayependa wanaume. Mashtaka yakaondolewa, lakini mwanzoni mwa 2013 akafukuzwa nchini na kuiacha familia yake. Kwetu, filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, juu ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku Aprili 2018, mwaka ule ule ilipoonyeshwa Cannes. Septemba jaji akaifungulia kwa siku saba. Siku saba tu! Lakini watu walipanga foleni, wakaitazama, wakarudi nyumbani wakabishana, na nchi haikubomoka. Na mwandishi wetu Binyavanga Wainaina, alipotangaza Januari 2014 kuwa yeye ni mmoja wao, aliendelea kuishi Nairobi, kuandika na kualikwa kuzungumza, mpaka alipofariki tarehe 21 Mei 2019.

Siku tatu baada ya kifo chake, tarehe 24 Mei 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Nairobi waliamua kuwa kifungu cha 162 hakivunji Katiba. Walisema hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa ubaguzi, na kuwa kukiondoa kungefungua mlango wa nyuma wa ndoa ambayo Katiba haiikubali. Siku 18 baadaye, tarehe 11 Juni, Mahakama Kuu ya Botswana ilisoma kifungu chenye maneno yale yale, kutoka kwa mkoloni yule yule, ikaamua kuwa chavunja utu na faragha ya mtu. Na Botswana hii ndiyo ambayo mahakama yake ya juu ilikuwa imesema mwaka 2003 kuwa wakati haujafika. Katika miaka 16 hiyo ilikuwa imekataza mtu kufukuzwa kazi kwa sababu hii, mwaka 2010, na Rais Masisi alikuwa amesema hadharani mwishoni mwa 2018 kuwa watu hawa wanapigwa na wanastahili kulindwa kama raia wengine. Rufaa ya serikali ilishindwa Novemba 2021. Ng'ambo ya Zambezi, kule Zambia, nchi iliyotangazwa na Rais Chiluba mwaka 1991 kuwa taifa la Kikristo, wanaume wawili walihukumiwa miaka 15 mwaka 2019 kwa jambo hilo hilo, kisha Rais Lungu akawasamehe Mei 2020. Kati ya Botswana na Zambia pana daraja pia, pale Kazungula.

Mahakama yetu ya Juu, kwa upande wake, iliamua Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, kuwa watu hawa wana haki ya kuandikisha chama chao kama raia wengine. Ghasia iliyofuata twaikumbuka. Rais Ruto alisema jambo hilo halitawezekana Kenya, na mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akatayarisha mswada wenye adhabu kali unaofanana sana na ule wa Kampala. Septemba mahakama ikakataa kuubadilisha uamuzi wake. Hivyo twaishi katika nchi ambamo mtu aweza kuandikisha chama mchana na kufungwa miaka 14 kwa jambo ambalo chama chenyewe chalitetea.

Wako wanaoijua hali hii kuliko sisi sote. Hao ni vijana waliokimbia Uganda tangu 2014 na tena baada ya 2023, wakapanda basi la usiku mpaka Nairobi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza mwaka 2021 kuwa Kenya ndiyo nchi pekee ya eneo hili iliyokuwa ikiwapokea watu wanaotafuta hifadhi kwa sababu hii. Hilo ni jambo la fahari, na tulisikia likisemwa mara chache mno. Wengi walipelekwa Kakuma, na huko Machi 2021 wawili walichomwa kwa petroli usiku wakiwa wamelala; mmoja alikufa mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Karani aliyewaandikisha aliandika kwa kalamu ya serikali kuwa wanahofia sheria ya nchi yao. Sheria ya nchi aliyowaandikishia, iliyotoka katika kitabu kile kile cha 1930, ilikuwa katika kabati la kituo cha polisi cha hapo hapo Kakuma.

Mswada wa kufanana na wa Kampala ukirudi Bungeni, nasi twadhani utarudi kila uchaguzi unapokaribia, wabunge watauambia umma kuwa wanailinda mila ya Mwafrika. Twawaomba wenyeji wa Busia wawaulize ni ya Mwafrika yupi, wa Bujumbura au wa Kigali, wa Mtwara au wa Cabo Delgado, na ni nani aliyeiandika kwa mara ya kwanza. Wawaulize pia ni hospitali gani itakayokubali kumtibu mtu anayeogopa kutaja jina lake, na ni jirani gani watakayemtaka awe mpelelezi wa chumba cha mwenziwe.